Tia Mbata Kwanza

Mwezi uliopita nilikabidhi vyombo vyangu vya kazi. Si vyote. Ile bisibisi yenye mpini wa mbao uliolika upande mmoja nimeondoka nayo, na anayeitafuta kwenye sanduku la karakana aache kuwasumbua wenzake. Vijana wa kazini waliniambia, "Mzee Omari, kabla hujatuacha tuandikie mambo ya zamani." Nikawauliza wanataka mambo mangapi. Wakacheka, wakidhani nafanya mzaha. Mimi nimelelewa sokoni. Sifungui gunia kabla sijajua mnunuzi anataka pishi ngapi.

Basi nimeona niwaandikie asili ya maneno mnayoyatamka kila siku bila kujua yalikotoka. Mnaletewa mota, mwenyewe anaapa kuwa haina kitu, nanyi mnamjibu, "Tia mbata kwanza." Nimemsikia mmoja wenu akimwambia hivyo hata rafiki yake aliyekuwa akisifu mchumba. Maneno hayo yana mwenyewe. Tena mjue kwa nini katika karakana yetu ile sehemu ya shaba ndani ya rota huitwa kizimba, na kwa nini atakayeteleza akaiita tundu huwanunulia wenzake chai. Wengi wenu mmeshanunua chai hiyo. Hamkuuliza sababu, mlinung'unika tu.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya arubaini, vita vikuu vya pili vikiwa vimepamba moto. Karakana ilikuwa Mji wa Kale, katika nyumba ya mawe yenye mlango mwembamba, hata mota kubwa ilibidi ivuliwe puli yake kabla ya kuingia, kama mgeni avuavyo viatu. Mwenyewe alikuwa Mistri Velji, fundi wa Kihindi aliyezaliwa vichochoro vile vile, na Kiswahili chake kilikuwa chetu, matusi na yote. Mistri ni jina la heshima la fundi. Sikupata kumsikia mtu akimwita vinginevyo, hata mkewe.

Siku ya kwanza aliniuliza najua nini. Nikamwambia najua kuhesabu, kwa kuwa nilikuwa nimemsaidia mama kuuza viungo sokoni tangu utoto. Akanitupia koili ya waya iliyokatwa, akaniambia nihesabu mizunguko yake. Nikahesabu, nikamwambia. Kisha nikaanza tena.

"Mbona warudia? Huiamini hesabu yako?"

"Naiamini, Mistri. Ya kwanza ni ya kujua. Ya pili ni ya kubishana na watu."

Akacheka kwa pua, akanionyesha mahali pa kutundika kanzu. Ndivyo nilivyoajiriwa.

Somo la kwanza lilikuwa la bisibisi. Unaweka ncha juu ya nyumba ya beringi, unaweka mpini sikioni, unanyamaza. Beringi kavu hulia kama mtu anayetafuna mchanga. Koili iliyolegea hunguruma kama paka aliyefungiwa chumbani. Alinisikilizisha mota nzima kwanza, siku baada ya siku, mpaka nikachoka. "Mgonjwa utamjuaje," aliniambia, "nawe hujamsikia mzima akipumua?" Wenzangu wa leo mna mashine za kioo zinazowachorea sauti kwa mstari. Ni nzuri. Lakini nimewaona mkiamini mstari kabla hamjainamisha kichwa.

Somo la pili lilinishinda kwa muda mrefu. Mota za kawaida, zile zinazoendesha vinu na pampu, zina sehemu mbili. Stata imekaa kimya nje ikiwa na koili zake, na rota inazunguka ndani. Umeme unaingia kwenye stata. Kwenye rota hauingii waya hata mmoja, na bado inazunguka. Nilimwambia Mistri kuwa kitu kinachofanya kazi bila kupewa chochote sijakiona sokoni.

Alinipeleka ng'ambo ya kichochoro kwa Sonara Mbarak, mfua fedha aliyekuwa akitengeneza bangili za maharusi. Alimwagizia bangili mbili za shaba, sawa kwa sawa, akamwambia aziunganishe kwa fito nane nyembamba za shaba, bangili moja ikiwa juu na ya pili chini. Kikatoka kitu kama tundu la ndege. "Ndani ya rota," Mistri aliniambia, "kuna hiki. Fito na pete mbili. Kile chuma kilichobaki ni nyama tu. Hii ndiyo mifupa."

Akakitundika kwa uzi katikati ya mikono miwili ya sumaku kubwa iliyopinda kama kiatu cha farasi, na ile sumaku akaifunga juu ya mkono wetu wa kusokotea koili. Akazungusha. Sumaku haikugusa shaba, wala shaba haivutwi na sumaku, lakini lile tundu lilianza kugeuka polepole, likaifuata sumaku kama mtoto amfuatavyo muuza kashata. Nililitazama mpaka chai yangu ikapoa.

"Tazama vizuri," alisema. "Haliifikii sumaku. Daima liko nyuma kidogo. Likilingana nayo, halivutwi tena. Kule kuchelewa ndiko kazi yenyewe. Ukilibebesha mzigo, litachelewa zaidi."

"Na likichelewa sana?"

"Basi ni kama wewe juzi. Linaumwa au linadanganya."

Tangu siku hiyo sote karakanani tukaiita sehemu hiyo tundu. Lilikuwa neno jepesi, nasi hatukuliogopa. Laiti tungejua kuwa neno lenye maana mbili ni kama mlango wenye funguo mbili, huwezi kujua nani amekwisha kuingia.

Sasa nije kwa Bwana Said. Ukoo wake ulikamua mafuta ya nazi Mji wa Kale tangu enzi za babu zake, kwa kinu kilichozungushwa na ngamia aliyefungwa macho. Yeye alihamisha kinu karibu na Makupa, palipo na nafasi, akanunua mota iliyotumika. Hakuisamehe kamwe ile mota kwa kutokuwa ngamia. "Ngamia akichoka hulala," alikuwa akisema. "Hiki kikichoka kinanuka." Mafuta yake wakati ule yalikuwa yakitengenezewa sabuni ya jeshi, kwa hiyo kinu kikisimama watu wenye sare walikuja kuuliza kwa nini.

Mwangalizi wa mota hiyo alikuwa Kalume, Mgiriama mmoja wa makamo, mtu wa maneno machache, aliyeipangusa mota kila asubuhi kuliko watu wapangusavyo meza zao. Ufunguo wa sanduku la swichi aliuvaa shingoni kwa uzi. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuiwasha mota, na yeye hilo alilihesabu kuwa cheo.

Mota ikaanza kuumwa. Kinu kikiwa kimejaa mbata, yaani nazi kavu, ilivuta kwa shida, ikapunguza mwendo, na fyuzi zikakatika. Kalume alisema inahema. Ikaletwa kwetu kwa mkokoteni, Kalume mwenyewe akisukuma pamoja na wapagazi wawili. Mistri aliigeuza kwa mkono, akapima koili zote, akaiwasha pale pale sakafuni ikiwa haina ukanda wala kazi. Ilizunguka laini kama hariri. Mimi pia niliweka bisibisi, nikasikia raha.

Mistri akamgeukia Kalume. "Tundu zima," alisema. "Mrudishie mwenyewe. Mwambie atazame ukanda."

Kalume akaondoka akiyarudia maneno yale kimoyomoyo, midomo ikicheza, asije akayadondosha njiani.

Asubuhi ya pili yake alirudi kwa miguu, peke yake. Nilitazama shingo yake kabla ya uso.

"Kalume, ufunguo u wapi?"

"Umechukuliwa."

Nikamketisha juu ya sanduku. Akanisimulia akitazama sakafu.

"Tulipoifunga mota mahali pake nilimwambia Bwana Said kama nilivyotumwa. Mistri amenena, tundu zima. Akaniuliza, tundu? Nikamwambia, ndiyo bwana, zima. Akaita tochi. Akalala chini yeye mwenyewe, na kanzu yake nyeupe, akaliona."

"Akaona nini?"

"Tundu."

Nilitaka kucheka, kisha nikaitazama tena shingo yake. Mota ile, kama nyingi, ilikuwa na tundu dogo chini ya tumbo, kila upande moja, la kutolea jasho la maji. Watengenezaji hulitoboa na kulifunga kwa kizibo cha skurubu. Wakati wa mvua Kalume alikuwa amefungua kizibo kimoja ili maji yatoke, na hakukirudisha. Bwana Said, aliyezaliwa na kukulia katika lugha hii, alijua kama mimi kwamba tundu ni la ndege na tundu ni la panya. Lakini mtu husikia ile maana anayoiogopa. Alisikia kwamba mota yake ina tundu, tena si kitundu, tundu zima, na fundi amelithibitisha. Na alipochungulia, lilikuwapo.

"Ameniita mtoboaji," Kalume alisema. "Mbele ya wapagazi wote. Anasema nimetumwa kuharibu mali ya jeshi. Keshokutwa asubuhi atanipeleka kwa polisi."

Siku hizo Ngome ya Yesu ilikuwa jela. Leo watu huingia na kamera. Wakati ule mtu akikwambia fulani yuko Ngomeni, uliinamisha sauti.

"Kifungo kina mwisho, ndugu yangu," Kalume alisema. "Lakini mtoboaji... hilo litanifuata mpaka kwetu. Watoto wangu wataitwa wana wa mtoboaji."

Nikaingia ndani kwa Mistri, nikamweleza. Alikasirika, si kwa Kalume. "Twende tukamwambie Said lile tundu ni la kiwandani. Upande wa pili lipo jingine kama hilo. Rangi ya kiwanda imo mpaka ndani. Basi."

"Haitoshi, Mistri."

"Kwa nini haitoshi?"

"Kwa sababu mota bado inaumwa. Tukiziba tundu hilo, atatafuta jingine. Mtu aliyekwisha kupata mwizi hamwachi mpaka apewe mwizi mwingine."

"Mota nimeipima. Nzima."

"Umeipima imelala."

Aliweka bisibisi mezani, akanitazama. Nami nilikuwa nimekwisha kuingia majini, kwa hiyo nikaona bora nioge. Nikaliondoa lile tundu la mfano kwenye uzi wake, nikachukua msumeno mdogo, nikakata ufito mmoja mbele ya macho yake.

"Wewe! Umelipasua tundu langu!"

"Ufito mmoja tu, Mistri. Umebakiwa na saba."

Nikalitundika tena, nikazungusha sumaku. Likafuata vizuri, laini, kama siku ya kwanza. Mistri akasema, "Unaona?" Nikamwambia ninaona. Kisha nikachukua kipande cha karatasi, nikakiegemeza kwenye shaba ili kiikwaruze na kuizuia kidogo. Huo ndio ulikuwa mzigo. Na hapo tundu likaanza kusita. Likaenda, likasita, likaenda, likasita, kila lilipopishana na sumaku kwenye ule ufito uliokatika. Nilipoondoa karatasi, kusita kukaisha, kana kwamba hakujakuwapo.

Mistri alichukua karatasi mkononi mwangu, akaijaribu mwenyewe. Aliiweka, akaiondoa, akaiweka. Kisha akavua aproni.

"Chukua amita," akasema. "Ile kubwa. Na uniombee kwamba Sonara Mbarak hataliona tundu hili."

Bwana Said alitukaribisha kwa kahawa, kwani mtu wa Mji wa Kale hata akikuchukia atakupa kahawa. Mimi nilimwita ami, kama tunavyowaita wakubwa wa rika la baba zetu. Nikamwambia tunaomba mota iendeshwe, kinu kikiwa kimejaa mbata, nasi tupime.

"Kijae? Mota ife kabisa? Iendesheni tupu, mtazame mpendavyo."

"Ami Said, wewe umewahi kununua ngamia?"

"Zaidi ya mmoja."

"Uliwahi kumnunua amelala?"

Akanitazama. Akaweka kikombe chini.

"Ngamia aliyelala," alisema polepole, "miguu yote minne ni mizima."

"Ndivyo tulivyoipima mota yako, ami. Imelala."

Watu wawili watatu waliokuwa karibu wakacheka, naye akatabasamu kidogo, lakini hakuwa mtu wa kushindwa kwa neno moja. Akanipa robo ya kinu. Nikataka kinu kizima. Akasema robo, tena ni hisani. Nikasimama kama anayeondoka. Akasema haya, nusu, na hapo hasogei. Nikaguna, nikakubali kwa uso wa mtu aliyedhulumiwa. Nusu ndiyo niliyoitaka tangu mwanzo. Mota ile kinu kizima kingeizima kabla hatujaona kitu.

"Na mkikosea?" aliuliza.

Nilikuwa nikitafuta jibu la ujanja, Mistri akanitangulia. "Tukikosea, bango la karakana nitalishusha mwenyewe. Wewe uliambiwa zima na mimi, si na Kalume."

Nilimwangalia Kalume, aliyekuwa amesimama mlangoni, maana ndani alikuwa amekatazwa.

Tulifunga amita kwenye waya wa mota, ituonyeshe umeme inaovuta. Mota ikawashwa tupu, na mshale ukatulia kama karani anayengoja mkubwa aondoke. Kisha wapagazi wakaanza kutia mbata. Kinu kilipokuwa na robo, mshale ulianza kucheza. Ulipanda kidogo, ukashuka, ukapanda, ukashuka. Na sauti ya mota ikaanza kuvimba na kupungua, vuuu, vuuu. Ndiko kule kuhema.

"Ni ukanda huo!" Bwana Said alisema. "Sikilizeni kiungo chake."

Hakukosea bure. Ukanda ulikuwa umeshonwa mahali pamoja, na kila kiungo kilipopita juu ya puli kiligonga, tap, tap, kwa mpigo usiokuwa mbali na wa mshale. Ukanda mbaya pia hutingisha mota. Hapo ndipo wengi hukosea, nanyi mtakosea, kwa hiyo someni hapa mara mbili.

Mota ikiongezewa mzigo, mwendo wake hupungua kidogo. Basi ukanda nao utapungua, na kiungo kitagonga polepole zaidi. Lakini kizimba kilichokatika husita kwa kadiri ya kuchelewa kwake, na mzigo ukizidi, kuchelewa kunazidi, na kusita kunakuwa kwa haraka zaidi. Ongeza mzigo. Ikiwa mshale unapungua pamoja na ukanda, laumu ukanda. Ikiwa ukanda unapungua na mshale unaharakisha, fungua rota.

Nilimweleza Bwana Said, nikamwomba ahesabu ukanda yeye mwenyewe, ili asije akasema tumempiga chenga. Akatoa tasbihi mfukoni. Kila tap, punje moja. Mimi nikahesabu mshale. Mistri akashika saa. Tukahesabu kinu kikiwa na robo, tukarudia. Wakatia mbata mpaka nusu, tukahesabu tena, tukarudia. Bwana Said alitaka kuacha baada ya mara ya kwanza. Nikamwambia, ami, ya pili ni ya kubishana.

Alipomaliza alishika tasbihi mahali kidole kilipokomea, akaitazama kwa muda. Alikuwa amepungukiwa na punje mbili. Mshale wangu ulikuwa umekaribia kuongezeka maradufu.

"Ukanda umepungua," alisema.

"Naam."

"Na mshale wako?"

Nikamwambia. Hakubisha. Tasbihi ilikuwa yake.

Mistri akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, "Said, mimi ndimi niliyekosea. Niliipima haina kazi, nikaiita nzima. Kalume alileta neno langu kama alivyopewa."

Kesho yake tuliitoa rota, Bwana Said akaja mwenyewe Mji wa Kale kutazama. Tulipitisha umeme mwingi kutoka pete moja hadi ya pili, tukaifunika rota kwa karatasi, tukanyunyiza unga wa tupa, ule unga mweusi unaobaki ukisugua chuma. Unga ukajipanga juu ya kila ufito, mistari iliyonyooka kama ukili uliosukwa na mtu mwenye subira. Tukaigeuza rota kidogo kidogo. Mistari, mistari, mistari. Kisha pahali pamoja unga ukateleza wote ukaanguka. Pembeni yake, pengine tena. Fito mbili zilizopakana zilikuwa hazipitishi kitu.

Mistri alikwaruza lehemu pale fito zinapoingia kwenye pete. Chini yake kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Bwana Said akavaa miwani.

"Hii alitoboa nani?"

"Haikutobolewa. Imechoka ikakatika. Kila asubuhi mnaiwasha mota kinu kikiwa kimeshiba, na rota inaungua kabla haijaanza kwenda. Nani aliyeamuru hivyo?"

Bwana Said alivua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu. Sote tulijua nani aliamuru. Hakuna aliyelitamka, tulimwachia aondoke nalo.

Lehemu ya kawaida isingestahimili, na vifaa wakati wa vita vilikuwa adimu. Tukaibeba rota ng'ambo ya kichochoro kwa Sonara Mbarak, aliyekuwa na lehemu ya fedha. Aliitazama ile pete ya shaba, pana kuliko sahani ya pilau.

"Bangili hii ya nani?" aliuliza. "Bi harusi ana mkono huu?"

"Bi harusi wa Bwana Said," nikamwambia. "Anakula mbata."

Aliifanya kazi kwa makaa na mvukuto, akatoa jasho, na viungo vyake vilidumu kuliko kinu chenyewe. Lile tundu la mfano lilikuwa mkononi mwangu, nimelileta kwa siri litiwe ufito. Aliliona. Alimtazama Mistri, Mistri akatazama ukuta.

Baada ya hapo nimefungua rota nyingi, za pampu, za mashine za barafu, za vinu vya unga. Nyingine nilizikosea, na zile nilizokosea karibu zote nilizihukumu zimelala. Mistri aliweka sheria mbili, nazo zimemzidi umri. Neno "zima" halitamkwi juu ya mota isiyobeba kitu, tunasema haijatuambia. Na tundu ni tundu la panya. Kile cha ndani ni kizimba. Ya chai niliongeza mimi.

Limebaki jambo moja. Siku ya kuirudisha mota tulikwenda sote. Wapagazi walikuwa wamekusanyika, kwani habari ilikuwa imefika kabla ya mkokoteni. Kalume alisimama palepale mlangoni. Bwana Said alimwendea, akauchomoa ufunguo mfukoni, akamnyooshea kwa chini, karibu na paja, kama mtu anayelipa rushwa.

Kalume aliweka mikono nyuma.

"Chukua, Kalume. Kazi inangoja."

"Ulinivua mbele ya watu, Bwana Said," Kalume alisema. Hakupaza sauti. "Nivishe mbele ya watu."

Nilifanya hesabu ya haraka kichwani. Mzee wa ukoo ule, mbele ya wapagazi wake. Nikataka kuingilia kati nitafute nusu kwa nusu, kama kawaida yangu. Mistri akanishika mkono wa kanzu.

Bwana Said alikohoa. Akageuka, akauinua ufunguo juu kwa uzi wake.

"Enyi!" alisema. "Hapa hapana mtoboaji. Tundu lililokuwako lilikuwa sikioni mwangu."

Kicheko kilianza kwa mmoja, kikaenea kwa wote, naye akacheka mwisho, kwa shida, lakini alicheka. Kalume akainamisha kichwa, akavikwa ule uzi shingoni. Akaingia ndani. Alikagua vizibo chini ya tumbo la mota, cha huku na cha huku. Akafungua sanduku, akaiwasha mota, kinu kikiwa kitupu, kama ilivyotakiwa kuwa tangu siku ya kwanza. Ikanyanyuka laini, bila kuhema, na watu wakashangilia.

Bwana Said akasogea karibu, uso umemfunguka.

"Haya, Kalume. Nzima?"

Kalume aliweka kiganja juu ya mota, akasikiliza, kisha akawatazama wapagazi waliosimama na magunia yao.

"Tia mbata kwanza, bwana."